Jinsi ya Kutazama Filamu za Kutisha za Visa Vingi

Filamu ya mkusanyiko hubeba visa kadhaa vifupi, aghalabu kila kimoja kikiwa na mwongozaji wake, na aliyezoea filamu ya kisa kimoja huiona kama kitu kilichokatwakatwa. Kosa lake ni kuipima kwa kipimo kisicho chake. Kisa cha nusu saa hakidaiwi kueleza jinamizi limetoka wapi. Kinadaiwa kugusa mwiko mmoja na kuondoka kabla mtazamaji hajauzoea.

Anza na Three... Extremes ya mwaka 2004, yenye visa vitatu tu, kutoka Hong Kong, Korea Kusini na Japani. Katika kisa cha Fruit Chan kiitwacho Dumplings, mwigizaji wa zamani anayeona ujana unamponyoka na mume anamwacha kidogo kidogo anakwenda kwa mwanamke anayeuza sambusa ndogo za Kichina, zile za kuchemshwa, ziwezazo kumrudishia ujana. Hapo usiangalie tu, sikiliza anapotafuna: ule mlio mdogo wa kitu kinachovunjika menoni unatisha kuliko damu, maana kilichosagwa humo ni vijusi vya binadamu, naye mgeni anameza kwa staha kama aliyealikwa chakula cha mchana. Ukimaliza, tafuta toleo refu la kisa hichohicho, la saa moja na nusu hivi, ulinganishe. Kwangu mimi, fupi ndilo linalouma.

Baada ya hapo tazama V/H/S ya mwaka 2012, ambayo visa vyake vimepigwa kana kwamba ni kanda zilizookotwa. Usiruke vipande vya wahuni wanaoingia katika nyumba ya watu kutafuta kanda moja, kwani hao ndio hadithi-mama, ile inayobeba visa vingine vyote, kama ilivyo katika Alfu Lela Ulela, na picha zinazotikisika, ambazo kwingine zingekuwa dalili ya ufukara, humu zinaifanya kanda iaminike.

The ABCs of Death, pia ya mwaka 2012, iache mwisho. Waongozaji 26 walipewa kila mmoja herufi moja ya alfabeti ya kujengea kisa cha kifo, dola 5,000 na uhuru wa kufanya atakalo, na uhuru huo ndio utamu wake na ndio balaa lake. Igawe kwa herufi tano au sita kila usiku, wakati watoto wamelala, na kila kisa kinapokwisha jiulize ni nani aliyevunja mwiko na kwa haja gani. Kwa yule mla sambusa jibu lipo wazi: anaogopa kuachwa. Katika herufi kadhaa hapa hutapata jibu, isipokuwa kwamba mwongozaji alitaka atazamwe. Hizo ziruke bila haya, kwa kuwa hakuna kisa kinachotegemea kilichotangulia.