Somo: Kupiga hesabu ya chakula cha mbwa na paka wa nyumbani

Mbwa wengi wa ulinzi hulishwa kwa kukadiria sufuria. Leo tutumie kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1. Mbebe mnyama, panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Mfano wetu ni mbwa wa kienyeji wa kilo 16.

Hatua ya 2. Andika 16 × 16 × 16, utapata 4,096. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√) mara mbili: 64, halafu 8. Zidisha kwa 70. Jibu ni kilokalori 560, nishati ya mnyama aliyejilaza tu kutwa nzima. Paka wa kilo 4 kwa hesabu hiyohiyo anapata karibu 200. Uzito wake ni robo ya mbwa, lakini nishati inapita theluthi, ndiyo maana hatugawi chakula kwa kilo peke yake.

Hatua ya 3. Zidisha kulingana na hali yake. Mbwa mzima aliyehasiwa 1.6, asiyehasiwa 1.8, paka 1.2 na 1.4. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne zidisha kwa 3, baadaye kwa 2. Mbwa wetu hajahasiwa, basi tuseme 1,000 kwa siku. Ni makadirio. Mpapase mbavu kila baada ya wiki mbili: vidole vizihisi bila kukandamiza. Ukishindwa kuzihisi, punguza chakula.

Hatua ya 4. Hapa ndipo ugali unapokwama. Kwa kila kilokalori 1,000, mbwa mzima anataka protini isiyopungua gramu 45. Gramu 280 za sembe zinamaliza nishati yote, protini haifiki hata nusu ya hapo, na tumbo limejaa. Kwa hiyo pika unga gramu 170 tu, weka dagaa wakavu gramu 80 na kijiko kikubwa cha mafuta ya kula. Nishati inabaki palepale, protini inapita 50, na miiba ya dagaa inaleta kalsiamu. Dagaa wa chumvi waloweke kwanza, maji yake mwaga. Maini kidogo mara moja kwa wiki yanatosha. Kama hiki ndicho chakula chake cha kila siku, daktari wa mifugo akuongezee madini na vitamini.

Jambo moja linaniudhi: unga ulioota ukungu "tunampa mbwa". Sumu yake, aflatoksini, haiondoki kwa kupikwa, na inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Tupa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Paka wangu anakula wali na mchuzi wa samaki. Ananenepa, kuna shida?*

Marahaba. Ipo. Paka si mbwa mdogo. Lazima ale nyama au samaki wenyewe, kwani mwili wake hautengenezi taurini (kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki) ya kumtosha, na wali hauna. Akiikosa muda mrefu anapofuka, na misuli ya moyo inalegea. Taurini huyeyukia kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha samaki mpe na supu yake. Wali upunguze sana. Samaki wabichi kila siku pia hapana: baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

*Mtoto wangu wa mbwa nampa nyama tupu, mbona miguu inapinda?*

Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, basi mwili unaichota kwenye mifupa yake. Mpeleke kwa daktari wiki hii. Usimkadirie kalsiamu mwenyewe, maana kwa mbwa wa mbegu kubwa hata ikizidi huharibu mifupa.

*Mabaki ya pilau na mifupa ya kuku je?*

Vitunguu vya pilau vinaharibu chembe nyekundu za damu, kwa mbwa na zaidi kwa paka. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Vyote viwili hapana.