Ukitaka kuisikia Bagamoyo, fika Ijumaa

Sisi ni wanawake saba wa Tanga. Tunacheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu pamoja mwaka wa tisa huu, kijumbe, yaani mkusanyaji, ni mimi, na kila mwaka tunajipa siku tatu za kuondoka bila mume wala mtoto. Tumeshakwenda Lushoto, tumekwenda Pangani. Safari tatu za mwisho tumekwenda Bagamoyo, na kila tukirudi dukani kwangu Ngamiani watu wanakuja kuuliza tunapangaje. Nimeona niandike.

Kwanza nijibu lile wanalouliza wazee: mtu wa Tanga anafuata muziki gani Bagamoyo? Kwetu upo, tena mwingi. Mama yangu alitulea kwa habari za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab alivyoimba navyo marehemu Bi Shakila, na baba yeye alikuwa mtu wa dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Lakini hayo ni magitaa na sauti. Bagamoyo unakwenda kufuata ngoma. Pale ndipo kilipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana wanatoka mikoani kote kuja kusoma pale, kwa hiyo katika uwanja mmoja, mchana mmoja, unaweza kusikia sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na muheme ya Wagogo. Ili uvisikie hivyo kwenye asili yake ungezunguka nchi nzima.

Sasa sikiliza kosa tulilofanya safari ya kwanza. Tuliondoka Jumamosi asubuhi kama watu wote wanavyofanya, tukafika alasiri, tukaoga, tukala, jioni tukaenda chuoni. Kimya. Wanafunzi wako mapumziko, ukumbi umefungwa, mlinzi akatuambia kwa upole kwamba tungekuja jana. Tukalala, Jumapili tukarudi. Tulikuwa tumeenda mji wa ngoma na ngoma pekee tuliyoisikia ilitoka kwenye spika ya bajaji. Ndiyo maana neno langu kubwa ni hili: panga safari yako ianze Ijumaa alfajiri. Mwenye kazi ya ofisi aombe ruhusa ya siku moja, na mwenye duka kama mimi afunge. Muziki wa Bagamoyo, ukiondoa wiki ya tamasha, unaishi kwenye mazoezi, na mazoezi yanafanyika siku za kazi.

Fedha zianze mapema. Sisi tunachanga shilingi 15,000 kila wiki kwa wiki kumi, kwa hiyo kila mtu anafika siku ya safari akiwa na 150,000 yake, ambayo kwetu imetosha nauli, kulala, kula na kuwatunza wapiga ngoma. Fedha anashika mtu mmoja, anaandika kwenye daftari, na kila Jumapili anapiga picha ukurasa ule anautupia kwenye kundi la wasapu. Usiruhusu mtu aseme "nitakuja na yangu mkononi". Urafiki mwingi umeingia doa kwa elfu tano za samaki ambazo hakuna anayekumbuka nani alilipa. Na weka fungu la dharura lisiloguswa. Safari ya pili mmoja wetu aliumwa tumbo usiku, na fungu hilo ndilo lililolipa bodaboda, daktari na dawa bila mtu kuhangaika kukopa.

Vyumba ni vya kulipia kabla. Nasisitiza hivyo kwa sababu safari ya pili niliweka nafasi kwa simu kwenye gesti moja, mhudumu akaniitikia vizuri kabisa, dada njooni, vyumba vinne vyenu. Tulipofika, vyumba viwili alikuwa amewapa watu wa harusi waliokuja na fedha taslimu. Tukalala wanne kitanda kimoja, kichwa na miguu. Tangu siku hiyo natuma nusu ya malipo kwa simu, naomba anitumie ujumbe wa maandishi wenye tarehe na idadi ya vyumba, halafu napiga tena Jumatano kumkumbusha. Uliza kama vyumba vina chandarua, uliza kama maji yanatoka, na uliza umbali wa kwenda chuoni kwa miguu. Kulala karibu na mji mkongwe kunakuokolea nauli za bajaji.

Njia kwa mtu anayetoka Tanga si ngumu. Panda basi la kwanza la kwenda Dar es Salaam. Kabla hujakata tiketi uliza linapita wapi: mengine yakifika Msata yanakata kushoto kufuata barabara ya Bagamoyo, hayo yanakushusha mlangoni kabisa. Yanayonyoosha Chalinze yatakuacha Msata, na kutoka hapo ni kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo kwa kosta. Bebeni chai yenu na vitumbua vya nyumbani, maana ukishapita Segera na Mkata njaa inaanza kuuma na vya kuuziwa dirishani ni mahindi na mayai. Wenzangu wanaotoka Dar wao raha yao, ni kilomita 70 hivi, hawana hata sababu ya kuamka usiku.

Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, mchana unakuwa umefika. Ijumaa mchana mji umetulia, wanaume wako msikitini. Tumia saa hiyo kuweka mizigo, kuoga na kula. Baada ya hapo nenda chuoni, lakini usiingie kama unaingia sokoni. Nenda ofisini, jitambulishe, sema mmetoka wapi na mmefuata nini, uliza kama kuna darasa la ngoma mnaloweza kuketi pembeni mkatazama. Mimi huwa napiga simu wiki moja kabla. Kama kuna malipo, lipa palepale ofisini, na usitoe simu kurekodi mpaka umeruhusiwa. Tumepokewa vizuri mara zote mbili tulizofuata utaratibu huo.

Ukipata nafasi, usikae mbali. Safari ya mwisho nilikaa hatua tatu kutoka kwa kijana aliyekuwa anaandaa ngoma kabla ya zoezi. Aliwasha majani makavu ya mnazi chini ya mti, akainamisha ngoma juu ya moto ule mdogo, akawa anaizungusha taratibu kama mtu anayechoma mkate. Kila baada ya muda anaigonga kwa kidole kimoja, anaikaribia kwa sikio, anairudisha. Mwanzo ilikuwa inatoa sauti ya gunia lililodondoka. Ngozi ikakaza, sauti ikaanza kupanda, ikapanda tena, mpaka alipoigonga mara ya mwisho nikaisikia kifuani kabla sijaisikia masikioni. Alitabasamu akasema, "Sasa imeamka, mama." Nimekuwa nikicheza kwenye harusi tangu mtoto na sikuwahi kujua kwamba ngoma inaamshwa.

Dada mwingine alituonyesha ilimba, ile ya Wagogo, sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma unavyovipiga kwa dole gumba. Kwenye tundu lake kulikuwa kumebandikwa kipande cheupe chembamba, na nilidhani ni karatasi. Ni utando wa buibui. Akautoa, akapiga, chuma kikalia kikavu. Akaurudisha, akapiga tena, safari hii kila sauti ilifuatwa na mvumo mdogo kama nyuki aliye ndani ya chupa. Omba kuonyeshwa vitu hivi. Wanaovijua wanafurahi kuulizwa, na ukishavijua hata jukwaani unasikia tofauti.

Hapo pia ndipo utakapomjua Hukwe Zawose kama humjui. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, akahamia Bagamoyo, akauchukua muziki wa kwao mpaka nchi za mbali, na alifariki 2003. Ukoo wake bado unapiga. Sisi wanawake saba tunawapenda zaidi Pendo na Leah Zawose, ambao mwaka 2024 walitoa albamu wakiitwa The Zawose Queens, na kwenye basi ndiyo tunayosikiliza, maana kusikia wanawake wameshika mbele wenyewe kuna raha yake.

Jumamosi asubuhi omba somo. Usiridhike na kutazama. Mjini kuna wapiga ngoma wanaofundisha wageni, na ukiulizia siku ya Ijumaa utaelekezwa. Patana bei mbele ya wote, saa moja na nusu inatosha, mikono ya mtu asiyezoea haivumilii zaidi. Vua pete na bangili. Sisi tulipewa mdundo mmoja tu wa muheme, ambayo kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake, unaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Mwenzetu mshona nguo, ambaye hata kwenye ngoma za kwetu hukaa na kushika mikoba ya wenzake, ndiye aliyeushika wa kwanza. Mwalimu akamweka aongoze, sisi sita tukamfuata, na tulimwona akinyanyua kidevu tusichowahi kumwona akikinyanyua.

Mchana wa Jumamosi ni wa kutembea bila haraka. Pitia soko la samaki ufukweni wakati vyombo vinaingia, nunua samaki mbichi, mpe mama anayekaanga palepale. Magofu ya Kaole yako kilomita tano hivi kusini, na makaburi yake na msikiti wa karne ya 13 yanataka utulivu, vaeni kwa stara. Misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868 ina makumbusho, na kanisa dogo ambamo mwili wa Livingstone uliwekwa 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Chagueni kimoja. Mwaka tuliojaribu vyote tulifika jioni tumechoka hata kuongea. Jua likishazama, ufukweni msiende wawiliwawili, tembeeni wote au chukueni bajaji.

Usiku wa Jumamosi huwezi kuupanga wote kwa simu. Uliza vijana wa Ijumaa kama kuna onyesho, au kama kuna sherehe mtaani yenye mdundiko, ile ngoma inayochezwa watu wakitembea. Ukikuta mdundiko unapita barabarani, jiunge nyuma ya kinamama, usiende mbele kwa wapigaji. Kanga ya pili mkononi ni muhimu, ya kujifunga kiunoni. Na fedha ndogo ndogo za kutunza, za elfu moja moja na elfu mbili mbili, zitafutwe Tanga kabla ya safari, kule usiku chenji ni shida.

Ukitaka kwenda wakati wa Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambalo lilianza 1982, hiyo ni safari ya namna nyingine. Jukwaa linajaa na hakuna kimya hata kidogo. Miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Oktoba au Novemba, tarehe hubadilika, kwa hiyo subiri itangazwe kabla ya kukata tiketi, na vyumba vilipie miezi miwili kabla. Lakini wiki hiyo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukuonyesha utando wa buibui. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda wiki ya kawaida.

Jumapili tokeni gesti mapema. Mabasi ya Tanga yanatoka Dar yakiwa yameshabeba watu, na kundi la saba kupata viti Msata baada ya saa nane mchana ni bahati tupu. Kama unaweza, mtafute kondakta wa basi mlilojia, mpe namba yako tangu Ijumaa, akuwekee viti. Sisi safari ya mwisho hatukufanya hivyo, tukasimama Msata saa mbili nzima kivulini kwa muuza machungwa. Mshona nguo alikaa juu ya begi lake, viganja juu ya mapaja, anapiga ule mdundo wa muheme, na muuza machungwa akawa anatikisa kichwa kuufuata huku anamenya.