Jinsi ya Kuhifadhi Sumaku Kali Nyumbani na Chomboni

Sumaku zinazotolewa ndani ya spika zilizoungua na kompyuta mbovu hutupwa kwa nadra. Huishia kwenye visanduku vya mafundi wa Lamu, au kwenye kamba za watu wanaoopoa vyuma vilivyozama gatini. Zitenge kwanza. Ile nyeusi ya mviringo iliyo nyuma ya spika nyingi ni ya ferati, nayo ina nguvu ya wastani, lakini ile ndogo inayong'aa kama fedha ni ya neodimiamu, ambayo uga wake, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka, ukipimwa usoni pake, huuzidi ule wa dunia mara maelfu. Nguvu hiyo hupungua upesi, kwani ukiongeza umbali mara mbili, hubaki takriban thumuni yake.

Wengi huhofia flashi na laini ya simu, nao huhofia bure, kwa sababu vitu hivyo, pamoja na memori kadi, huhifadhi data kwa chaji za umeme ambazo sumaku ya mkononi haizifuti. Diski ya kompyuta yenye sahani zinazozunguka nayo si rahisi kuifuta, maana ndani yake mna sumaku za neodimiamu za kuusogeza mkono unaosoma data. Hata hivyo, usiikaribishie sumaku nyingine inapofanya kazi, mkono huo usije ukavurugika.

Vinavyoharibika kwa wepesi ni kaseti na kadi zenye ukanda mweusi. Kadi za kufungulia milango ya hoteli hufutika upesi kuliko za benki, ambazo chipu yake haidhuriki. Kwa maoni yangu, nyumba yenye kaseti kuukuu za maulidi, taarabu au mawaidha ianze na hizo: ziondolewe juu ya spika, ziwekwe umbali wa mita moja au zaidi, kisha zinakiliwe kwenye flashi zingali zikisikika.

Chomboni, kinachopotoshwa ni dira, na nahodha anayerudi kutoka Kiwayu usiku hatajua kwamba spika ya redio ndiyo inayoivuta sindano. Kabla ya kutweka, sogeza kila kifaa karibu na dira kimoja kimoja. Sindano ikicheza, kifaa hicho kitafutiwe mahali pengine.

Kuhusu mwili, usizibandue sumaku kali kwa kuzivuta, bali zitelezeshe kando, tena uvae miwani ya kazi, kwa kuwa zikigongana huvunjika na kurusha vibanzi. Mtoto akimeza mbili au zaidi, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Apelekwe hospitali papo hapo, bila kungojea maumivu. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiweke sumaku, wala simu iliyo na sumaku, karibu na kifua chini ya sentimita 15, na zile kubwa akae mbali nazo zaidi. Anayepelekwa Mombasa kwa kipimo cha MRI, yaani cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ambacho sumaku yake, aghalabu ya tesla (kizio cha nguvu ya uga) 1.5 au 3, huwa haizimwi baada ya kila mgonjwa, aeleze mapema chuma chochote kilichomo mwilini. Mafundi wa kuchomelea wasisahau vibanzi vilivyowahi kuwaingia machoni.

Sumaku zenyewe zihifadhiwe katika sanduku la mbao, zikitenganishwa kwa vipande vya ubao. Zile za neodimiamu zifungwe ndani ya plastiki, kwani ganda lao likichubuka, hewa ya chumvi huzila haraka, na zisiachwe karibu na jiko, maana nyingi hudhoofika zikipita nyuzi 80 za Selsiasi.