Pikipiki ya zamani haiwaki? Pima erthi kabla hujanunua betri

Ukibonyeza kitufe cha stata ukasikia tak-tak-tak huku taa zikififia, usikimbilie dukani. Nilikimbilia. Nikafunga betri mpya, pikipiki ikawaka siku mbili, ya tatu ikarudia ugonjwa uleule. Ningepima kwanza, ile betri ya zamani ningekuwa naitumia mpaka leo, kwa sababu haikuwa na kosa lolote.

Unahitaji multimita, hata ya bei ya chini kabisa. Iweke kwenye volti za betri, zile za DC, ushike ncha zake kwenye vichwa vyenyewe vya betri, si kwenye vibanio. Betri ya volti 12 iliyolala usiku kucha baada ya kuchajiwa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu, kwa hiyo ichaji kwanza, maana vipimo vya betri iliyochoka vitakudanganya. (Kama pikipiki yako ni ya volti 6, gawa namba hizi kwa mbili.)

Sasa bonyeza kitufe huku macho yako kwenye mita. Hapa ndipo pana siri. Betri ikiporomoka chini ya 9.6, yenyewe ni dhaifu, au stata imekwama na inavuta moto (umeme) kupita kiasi. Lakini ikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, betri ni nzima: moto haufiki unakotakiwa. Yangu ilisoma 12.4 wakati taa zote zinakaribia kuzimika. Nilipoiona ile namba nilijua kuna kizuizi njiani.

Njia ziko mbili, ya kwenda na ya kurudi, na watu wengi huisahau ya kurudi, yaani erthi: waya unaounganisha upande hasi wa betri na fremu na injini. Weka ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, kisha bonyeza kitufe. Erthi nzuri itaonyesha 0.2 au pungufu. Ikipita 0.5, umempata mwizi. Kwangu namba zilirukaruka hadi kupita 5, yaani karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea kwenye waya mmoja mfupi.

Nilifungua bolti inayoshika waya huo kwenye fremu. Juu palionekana pazuri tu. Chini ya kikuku, ile pete ya chuma iliyo mwishoni mwa waya, kulikuwa na rangi, na chini ya rangi kutu. Nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikarudisha, mita ikashuka hadi 2 tu. Kwa hiyo nikachana ganda la waya karibu na kikuku: ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Nilikata sentimita tatu ndipo nikafikia shaba nyekundu, nikabana kikuku kipya, nikapaka grisi juu yake. Stata ikazunguka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia tangu niinunue. Ukifungua betri, anza kutoa upande hasi na uurudishe mwisho, ili spana ikigusa fremu isilipue cheche.

Erthi ikiwa safi, fanya kipimo hichohicho upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya stata. Hapo mara nyingi lawama ni ya rilei, swichi inayopeleka moto kwenye stata, ambayo hulia tak lakini haipitishi kitu.

Stata ikizunguka vizuri na injini haishiki, angalia kwanza swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, halafu swichi ya stendi. Kisha chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, uigandamize kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, uzungushe stata. Cheche iwe ya buluu na itoe sauti. Ikiwa nyekundu na nyembamba, fungua kofia ya plagi, kata milimita tano za ncha ya waya, ufunge upya. Hilo pekee limeniokoa kununua koili, kifaa kinachotengeneza moto wa plagi.

Ikishawaka, usiondoke bado. Ongeza resi hadi katikati upime betri tena: inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na itaichemsha betri yako. Ikibaki chini ya 13, fuata nyaya zinazotoka kwenye magneti (kizalisha umeme cha injini), ambazo kwenye pikipiki nyingi ni tatu za njano. Chomoa soketi yake uitazame kwa karibu. Plastiki ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia pembeni mwa pini moja, pini hiyo imekuwa ikiungua. Badilisha soketi nzima, si pini moja.