Hisa za sekta ya afya: jinsi ya kuzichambua kabla hujanunua

Kwenye biashara ya afya, anayemeza dawa mara nyingi siye anayeilipia. Hulipa mfadhili, serikali au bima, na kila mmoja ana tabia zake za kulipa. Kwa hiyo uchambuzi wote hapa chini unazunguka maswali mawili: nani analipa, na pesa inaingia lini.

Mfano mkuu nitakaotumia ni Quality Chemical Industries (QCIL) ya Uganda, ile iliyokuwa CiplaQCIL. Kiwanda kiko Luzira, Kampala, na kinatengeneza ARV na dawa za malaria. Iliingia Soko la Hisa la Uganda Septemba 2018 kwa shilingi 256.5 za Uganda kwa hisa, na miaka iliyofuata bei ikashuka hadi chini ya nusu ya hapo. Mwaka 2023 Cipla ya India iliuza hisa zake, asilimia 51.18 ya kampuni, kwa Africa Capitalworks.

Hatua ya 1: Ijue kampuni inauza nini hasa

TOL Gases ya Dar es Salaam na BOC Kenya huuzia hospitali oksijeni, lakini huuzia pia mafundi wa kuchomelea na viwanda. Ukizinunua ukidhani ni hisa za afya tupu, umejidanganya. Soma mgawanyo wa mauzo kwanza.

Kampuni changa za utafiti wa dawa za Marekani, ambazo hazijauza hata kidonge kimoja, ziache. Dawa takriban 9 kati ya 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu haziruhusiwi kuuzwa. Ukishindwa kujizuia, gawa fedha taslimu walizonazo kwa wanachotumia kila robo mwaka. Ukipata chini ya 6, ujue karibu watatoa hisa mpya na sehemu yako itapungua.

Hatua ya 2: Pata hesabu kamili

Pakua ripoti za mwaka za miaka mitano kutoka tovuti ya kampuni au ya soko. Tangazo la ukurasa mmoja la gazetini halifai, kwa sababu halina maelezo ya hesabu, na hatua mbili zinazofuata zinategemea maelezo hayo. Uwiano unaoonyeshwa na aplikesheni za simu pia usiuamini kwa hisa za Kampala au Dar. Mara nyingi ni wa mwaka wa nyuma. Kwa kampuni za Marekani, chukua fomu ya 10-K, yaani ripoti yao ya mwaka, kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, bure.

Hatua ya 3: Wateja wakubwa

Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 8 inailazimu kampuni iliyo sokoni kueleza kama kuna mteja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mauzo. Si lazima jina litajwe, lakini kiasi lazima kiwepo. Tafuta maelezo ya hesabu yanayohusu mgawanyo wa biashara. Mteja mmoja akizidi asilimia 30, jiulize fedha zake zinatoka wapi. Soko la ARV Afrika hubebwa na Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa UKIMWI ulioanza 2003. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kila mwenye hisa ya mtengenezaji wa ARV alipaswa kuwa na jibu la swali hili tayari.

Hatua ya 4: Madeni ya wateja

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo usiharakishe.

Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua fedha ambazo wateja hawajalipa, gawa kwa mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365. Unapata siku ambazo kampuni husubiri kulipwa. Kinachokosewa ni tarakimu ya kuingiza.

Kwanza, usichukue jumla iliyo kwenye mizania. Humo huwa wamechanganya madeni ya wateja na malipo ya awali kwa wasambazaji, na kodi wanayoidai serikali. Nenda kwenye maelezo, chukua ya wateja peke yake.

Pili, na hili ndilo linalowapita wengi: chukua kiasi kabla ya kutoa tengo la hasara, yaani fedha ambazo kampuni imezitenga kwa kuhofia deni halitalipwa. Tuseme mauzo ni bilioni 240, wateja wanadaiwa bilioni 100, na kampuni imetenga 30. Mizania itaonyesha 70, nawe utapata siku 106. Ukweli ni siku 152. Kadiri kampuni inavyokata tamaa na deni, ndivyo inavyoonekana kama inakusanya haraka!

Tatu, angalia tarehe ya kufunga hesabu. QCIL hufunga 31 Machi. Dawa za tenda hutoka kwa shehena kubwa, na shehena ikitoka katikati ya Machi itavimbisha madeni bila mtu kuwa na kosa lolote. Linganisha na hesabu za nusu mwaka za Septemba kabla ya kuhukumu.

Nne, soma jedwali la umri wa madeni. Tazama safu ya mwisho, ya deni kongwe, kwa miaka miwili mfululizo. Kiasi kikibaki palepale, au kikikua wakati safu za mbele zinapungua, deni lilelile linazeeka tu. QCIL iliwahi kulazimika kutenga hasara kubwa kwa sababu ya deni la serikali ya Zambia, nchi ambayo Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya hati fungani zake za kimataifa. Dawa zilikuwa zimeshafika na kutumika.

Tano, tengo likirudishwa. Mdaiwa akilipa deni lililokuwa limeshatengewa hasara, kiasi hicho huingia kama faida ya mwaka huo. Faida inapanda ilhali kiwandani hakuna kilichoongezeka. Itafute kwenye taarifa ya mapato na uitoe kabla ya kwenda hatua ya 6.

Mwisho, jumlisha faida ya miaka mitano, kisha jumlisha fedha taslimu zilizotokana na shughuli za biashara kwa miaka hiyohiyo. Za pili zikiwa chini ya robo tatu ya za kwanza, mimi huwa siendelei.

Hatua ya 5: Hataza

Hataza ni haki ya kisheria ya kuuza dawa peke yako kwa miaka kadhaa. QCIL hutengeneza jeneriki, yaani nakala za dawa zilizobuniwa na wengine, kwa hiyo hapo ruka. Kwa kampuni kubwa za Marekani hii ndiyo hatua nzito. Humira, dawa ya baridi yabisi ya AbbVie, iliingiza takriban dola bilioni 21.2 mwaka 2022. Januari 2023 washindani walianza kuuza nakala zake Marekani, na mauzo ya mwaka huo yakashuka hadi bilioni 14.4. Zilizoiokoa kampuni ni dawa zake mpya, Skyrizi na Rinvoq, ambazo zilikuwa zimeshashika kasi.

Sasa itazame Merck: mwaka 2024 Keytruda, dawa yake ya saratani, ilileta takriban dola bilioni 29.5 kati ya mauzo ya bilioni 64.2, asilimia 46, na hataza yake ya msingi Marekani unatarajiwa kuisha 2028. Fungua 10-K, tafuta neno «patent», andika mwaka wa kila dawa kubwa, kisha uulize ipi itaziba pengo.

Hatua ya 6: Bei

Uwiano wa bei na faida ya mwaka mmoja siutumii kwa kampuni za tenda. Chukua fedha za shughuli za biashara, toa za kununulia mitambo, gawa kwa idadi ya hisa, halafu tafuta wastani wa miaka mitano. Ukipata shilingi 6 na hisa inauzwa 60, hiyo ni asilimia 10. Hati fungani za serikali ya Uganda za miaka 10 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 13 miaka ya karibuni. Bila ukuaji unaoweza kuuonyesha kwa tarakimu, sioni sababu ya kununua kwa bei hiyo.

Hatua ya 7: Oda

Fungua akaunti ya SCD, yaani ya hifadhi kuu ya hisa ya Uganda, kupitia dalali. Weka oda yenye kikomo cha bei, kamwe si ya bei yoyote ile. Soko la Kampala ni jembamba, na oda moja isiyo na kikomo inaweza kukupandishia bei mwenyewe. Angalia pia wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku. Kama unachotaka kununua kinazidi mara 20 ya wastani huo, punguza, maana kutoka ni kugumu kuliko kuingia.