Umemaliza digrii ya historia ya sanaa? Anzia hapa

Wadogo zangu mliosoma historia ya sanaa, au sanaa za ufundi na historia yake, najua mnavyoulizwa nyumbani, "sasa hiyo kazi yake nini?" Wewe umefundishwa kukitazama kitu mpaka ukajua kimetengenezwaje, kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani, na wanaoweza hiyo hapa kwetu ni wachache mno. Ila hakuna atakayekuchukua kwa cheti peke yake, lazima uoneshe.

Kwa hiyo kwanza tafuta vitu kumi, vya bibi, vya jirani, popote. Piga picha mbele, nyuma na chini, weka rula pembeni, andika jina, malighafi, vipimo, hali yake na historia yake. Kuna mfumo wa kimataifa wa kuandika maelezo ya vitu vya sanaa na vya kale unaitwa Object ID, upo tangu 1997, ICOM, yaani Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ndio wanausimamia, ufuate huohuo ili mtu wa makumbusho akifungua kazi yako aone unaijua shughuli.

Chukua kinyago cha Kimakonde. Wengi wataandika "kinyago cha mpingo" basi. Wewe kipime mkononi, mpingo ni mzito kweli, kisha kigeuze, na mwenyewe akiruhusu sugua chini pale pasipoonekana kwa pamba yenye unyevu kidogo, pamba ikitoka nyeusi ujue huenda ni mti mwingine umepakwa kiwi ya viatu. Au picha za tingatinga, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alifariki 1972 na alikuwa amechora miaka michache tu, so mtu akikuletea picha ya jina lake eti ya 1978 jibu unalo tayari. Vitu kama hivi viandike, ndio CV yako.

Serikalini pitia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya Tanzania ya matangazo ya kazi, mara kwa mara, usitafute tangazo lenye jina la digrii yako maana hutaliona, tafuta Afisa Utamaduni wa halmashauri, tafuta mhifadhi wa makumbusho, halafu soma sifa za mwombaji neno kwa neno.

Eneo ninaloliamini kuliko yote ni kufuatilia asili ya vitu vilivyopelekwa nje. Kuna kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa pale Dar mwaka 1984, kikaja kuonekana kwenye makumbusho binafsi Geneva, kikarudi nyumbani 2010. Miaka 26 jamani! Madai ya namna hiyo yanasimama kwa karatasi, picha ya zamani, namba ya rejista. Wakenya nao wamerudishiwa baadhi ya vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu wa Wamijikenda, kutoka Marekani. Na kwenye makumbusho ya Berlin kuna vitu vyetu vingi sana vya enzi za ukoloni, daftari zake ziko kwa Kijerumani, kwa hiyo nakuomba kwa dhati jifunze Kijerumani sasa hivi, ukiwa nacho pamoja na Kiswahili na lugha ya kwenu unaweza kumhoji mzee kijijini asubuhi na jioni ukasoma daftari lenyewe.

Ukipenda watu zaidi ya karatasi, ongoza wageni Mji Mkongwe au Kilwa Kisiwani, leseni ni lazima. Mgeni anayeelezwa kwa nini mlango huu juu una tao la Kihindi na ule umenyooka Kiarabu, atakutafuta tena. Galari za Dar na Nairobi nazo zinahitaji wa kuandika lebo na katalogi.

Kuhusu kujitolea: mimi nilifanya sehemu moja miezi minane bila hata nauli, na katalogi ilipotoka jina langu halikuwemo, iliniuma sana. Nyie pataneni mapema, miezi mitatu, kwa maandishi, jina lako liwemo na barua upewe.

Hela yangu ya kwanza ilitokea nisikotegemea. Familia moja Tanga walikuwa wanagawana mirathi, nyumba imejaa makasha ya shaba, viti vya zamani na masahani ya Kichina, kila mtu anataka kujua kipi ni kipi. Nikakaa siku nne na rula yangu na simu, nikawaandikia kurasa 14, wakanilipa, na wiki iliyofuata jirani yao akanipigia.