Harufu ya petroli garini: uliza lini kabla ya kuuliza wapi

Wiki tatu nzima nilikuwa nakagua injini isiyo na kosa. Gari lilinuka petroli, nami akili ikanipeleka moja kwa moja chini ya boneti. Nikakaza klipu, nikafuta nozeli (vile vidomo vinavyonyunyizia injini petroli), nikabadilisha mpira ambao kusema kweli ulikuwa bado mzima. Harufu ikabaki palepale. Aliyenifumbua macho ni mwanangu, kutoka kiti cha nyuma: "Baba, mbona inanuka sana siku tukitoka kujaza mafuta?"

Nikainua kiti alichokalia. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya bati ndiko pampu ilikochomekwa kwenye tangi. Miezi miwili nyuma fundi mmoja alibadilisha pampu hiyo akarudishia sili ya zamani, yaani mpira wa kuziba maungio, iliyokwisha kukakamaa. Tangi likijaa, petroli ilipanda mpaka pale na kuchungulia. Likipungua hadi nusu, kimya.

Tangu siku hiyo sishiki spana kabla sijajua harufu inakuja lini.

Lakini usalama kwanza. Ukiona petroli inadondoka, au harufu ni kali ndani ya gari, usipige stata. Lisukume nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki dirishani kama moshi. Unatambaa sakafuni kutafuta moto, hata ule mdogo wa jiko lililo chumba cha pili. Na usidhani baridi itakusaidia, maana petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Tumia tochi, si taa ya balbu yenye waya, na uiwashe kabla hujasogea karibu. Kizimamoto cha unga kiwe mkononi, si ndani ya buti.

Sasa hilo swali la lini.

Ikinuka baada ya kujaza tangi tu, achana na injini. Angalia sili ya kifuniko cha tangi, kisha mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi lenyewe. Mpira huo hupasuka upande wa juu, mahali jicho halifiki, kwa hiyo pitisha vidole. Halafu sili ya pampu. Kuna pia kopo la mkaa, ambalo kazi yake ni kunyonya mvuke wa tangi ili injini iuchome baadaye. Wanaopenda kuongeza "kidogo tu" baada ya pampu ya kituo kujikata yenyewe ndio wanaolizamisha kopo hilo. Mkaa uliolowa petroli haunyonyi tena kitu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ikinuka asubuhi, kisha ikapotea gari likipata moto, shuku maungio ya mipira. Mpira mzee ukipoa hunywea na kuiachia klipu. Ukipata joto hutanuka na kujiziba.

Ikinuka baada ya kuzima injini yenye moto, hapo ndipo boneti ifunguliwe. Oringi za nozeli, vile vipete vya mpira vinavyoziba, ndizo washukiwa wa kwanza. Kama kidhibiti cha presha ya petroli kiko kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia petroli), chomoa kile kimpira chembamba cha upepo kinachoingia ndani yake. Kikiwa na petroli, kiwambo cha ndani ya kidhibiti kimetoboka, nunua kidhibiti kingine. Chomoa pia kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli na kipimo kimepanda, kuna nozeli inayovuja ndani ya silinda, na gari hilo lisitembee mpaka litengenezwe na oili imwagwe.

Ikitoka kwenye ekzosi huku injini inakohoa, plagi haichomi. Hiyo ni kesi ya umeme zaidi kuliko uvujaji.

Ugumu wa petroli ni kwamba hukauka haraka. Usitafute majimaji tu, tafuta sehemu iliyooshwa: duara safi katikati ya vumbi na mafuta machafu. Nikikwama, napaka poda ya mtoto kwenye maungio injini ikiwa baridi, nafungua swichi bila kupiga stata ili pampu ijaze presha, nafunga, nasubiri. Poda ikilowa, umepata panapovuja. Na pua nayo huchoka; baada ya dakika chache haisikii kitu, basi nenda mbali upumzike ndipo urudi.

Kabla ya kufungua mpira wowote, toa presha. Chomoa fyuzi ya pampu, washa injini (kama haidondoshi petroli) mpaka izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Ukisahau, ujue mle ndani kuna presha ya paundi 40 hadi 60, zaidi ya upepo wa tairi lako, na itakurukia machoni. Injini ambazo nozeli zake humwaga moja kwa moja ndani ya silinda zina presha kubwa mno. Hizo mimi sizigusi, napeleka kwa mwenye vifaa.

Mpira mpya uwe wa petroli ya presha, umeandikwa hivyo ubavuni. Wa maji, au wa kabureta ya magari ya zamani yenye presha ndogo, utapasuka. Klipu nazo ziwe mpya. Silikoni ya kawaida usiipoteze hapa, petroli huilainisha. Sabuni ya mche ikisuguliwa kwenye ufa wa tangi hupunguza uvujaji kwa muda, lakini ni kinga ya kusubiria gari la kuvuta, si matengenezo. Na asikudanganye mtu kuchomelea tangi kwa sababu "liko tupu": tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Ukimaliza, rudisha fyuzi na betri, fungua swichi mara tatu bila stata, kagua kwa tochi, ndipo uwashe. Zulia lililolowa litanuka siku kadhaa; acha milango wazi. Wiki ikipita na bado inanuka, usilaumu zulia. Inua kiti tena.